Nusu ya Jora la Mama

Penrith, Sydney
Desemba 2021

Kwako dada yangu mkubwa Chibalonza,

Pokea salamu zangu za upendo na heshima, wewe pamoja na watoto na majirani wote hapo kambini Nyarugusu. Natumaini mguu wako haukusumbui sana msimu huu wa mvua, na kwamba lile turubai jipya mliloweka juu ya paa bado halivuji. Mimi mwili ni mzima. Chanjo nimechomwa zote mbili, kazi ipo, chakula kipo, na joto la mwezi huu lingekufanya uvue hata kilemba. Nimeyatanguliza haya kwa sababu ndiyo mazuri niliyo nayo.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Lakini, yaya wangu (bado nakuita hivyo kama dada mkubwa wa kwetu, ingawa Wakenya wa huku hunicheka, maana kwao yaya ni msichana wa kulea watoto), simu yako sote tunaijua. Nikikutumia ujumbe wa sauti, kabla hujausikia wewe umeshasikilizwa na watoto, na mama wa jirani, na yule kijana anayekuchajia betri. Barua hii anaibeba Jerusha, dada mmoja Mtanzania tunayefanya naye kazi, anayekwenda Kigoma kumwona mama yake kwa kuwa mipaka imefunguliwa. Ameniahidi kuitia mkononi mwako mwenyewe. Nakuomba uisome peke yako, mlango ukiwa umefungwa.

Nataka kukueleza habari za Léonie. Umeniuliza mara nyingi kwa nini dada yetu hapokei simu zako, na kwa nini mimi nikiulizwa habari zake naanza kukusimulia hali ya hewa. Unadhani tumegombana. Ingekuwa ugomvi ningeshaomba radhi zamani, unanijua, mimi kitinda mimba kuomba radhi ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Hili ni jambo jingine, na limegusa lile jora la kitenge la mama, kwa hiyo ni haki yako kulijua lote.

Duka la Léonie lilikuwa Seven Hills, karibu na stesheni ya treni, chumba chembamba katikati ya kinyozi na muuza simu. Tulikutumia picha zake. Wateja wake walikuwa Wakongo, Warundi, hata Wakenya, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za harusi. Wakenya wa huku wameipenda desturi yetu ya familia kuchagua kitenge kimoja, na kila anayepewa kipande kuhesabiwa ndugu, hata kama ni jirani tu wa ghorofa ya juu. Waliipenda kuliko sisi wenyewe, wakawa wanamletea Léonie mizigo ya vitambaa kila Jumamosi.

Naye alishona kama mama alivyomfundisha. Unakumbuka mama hakuwahi kutia mkasi kwenye kitambaa cha harusi kabla ya kukiombea. Aliukunjua mkeka, akalaza kitambaa, akaweka mkasi juu yake bila kuufungua, akaweka viganja viwili, akawataja wanaooana kwa majina yao mbele za Mungu. Sisi watoto tulinyamaza kabisa, hata maharage yaungue. Ukimletea kitambaa bila majina alikurudisha ukayalete. Léonie aliibeba desturi hiyo hadi huku. Mteja akishapimwa, swali la kwanza lilikuwa ni majina ya bwana na bibi harusi, ili aanze kuomba usiku huohuo.

Basi mwezi wa tatu alikuja Apondi. Huyu ni Mkenya, muuguzi, mwanamke mrefu mcheshi, mteja wa Léonie wa miaka mingi. Alikuwa akija na rafiki yake aitwaye Bridget, Mkenya pia, na Léonie aliwapikia chai hapohapo nyuma ya cherehani. Siku hiyo Apondi alikuja na kitenge cha zambarau, kizuri sana, akasema hatimaye anaolewa. Léonie alipiga kigelegele hadi kinyozi akaja kuchungulia. Alimpima bega, kifua na kiuno, akamtania kwamba mapenzi yamemnenepesha. Kisha akauliza jina la bwana harusi, na Apondi akamwonyesha Bridget aliyeketi pale kwenye kiti akinywa chai. Apondi alikuwa anadhani Léonie anajua siku zote. Léonie alikuwa anadhani ni mashoga tu, marafiki wa kusindikizana madukani.

Léonie aliniambia kwamba aliuzungusha utepe wa kupimia kwenye vidole vyake taratibu ili apate muda wa kufikiri, na muda haukumsaidia. Alimwambia Apondi kwamba anampenda, lakini kitambaa hicho hawezi kukikata. Apondi akasema hakuja kuomba maombi, amekuja kushonewa, basi akate bila kuomba. Léonie akajibu kwamba hajui kukata bila kuomba, mama yake hakumfundisha hivyo. Apondi alikunja kitenge chake, akamshika Bridget mkono, wakatoka. Vikombe vya chai vilibaki mezani.

Huku kwetu, yaya, jambo kama hilo lina sheria. Baada ya majuma machache Léonie alipata barua kutoka ofisi ya serikali inayoshughulikia malalamiko ya ubaguzi. Apondi alikuwa amelalamika. Habari zikafika kanisani, na ujue kanisa letu, lisemwalo asubuhi kwenye maombi, jioni limeshapikwa likaiva. Wako waliomwita Léonie shujaa wa imani, wakataka asimame mbele ya waumini atoe ushuhuda. Alikataa. Aliniambia kwamba hakuna ushujaa wowote, amempoteza rafiki na halali usiku. Wako wengine, Wakenya hasa, walioacha kupeleka vitambaa kimyakimya. Alikuwa katikati, na katikati hapo alikuwa peke yake.

Ofisi ile ilipanga kikao cha kusuluhisha. Ulikuwa mwezi wa nane, korona imeshika Sydney yote, na sisi wa magharibi mwa jiji tulikuwa tumefungiwa zaidi ya wengine. Askari wanazunguka, helikopta juu, huruhusiwi kwenda kumwona hata ndugu yako. Kwa hiyo kikao kilikuwa cha video, kila mtu nyumbani kwake. Walitaka kumpa Léonie mkalimani wa serikali, maana Kiingereza chake ni cha dukani, cha bei na vipimo. Lakini wakalimani wa Kiswahili tunawajua wote kwa majina, na mmoja ni mzee wa kanisa. Léonie akaona aibu. Akaomba nimfasirie mimi, mdogo wake wa kiume, na yule afisa, mama mmoja mpole mwenye mvi, akasema sawa, ikiwa upande wa pili utakubali.

Nilikuwa nimekaa chumbani kwangu, hapa Penrith. Muema, yule kaka wa Kikamba niliyekuandikia kwamba tunapanga naye nyumba, alikuwa jikoni kimya, hata maji ya chai hakubandika. Apondi aliponiona kwenye kioo cha kompyuta aliisogelea kamera, akanitazama vizuri. Tulikuwa tunafahamiana. Afisa akamuuliza tena kama anakubali, naye akasema anakubali.

Mfasiri, yaya, hasemi kwamba fulani amesema hivi. Anasema "mimi". Mwenzio akisema nimeumia, nawe unasema nimeumia. Hiyo ndiyo kanuni, na afisa alinikumbusha kabla ya kuanza.

Apondi alieleza kwanza. Alisema amekataliwa mahali pengi maishani na amezoea, lakini huyu aliyemkataa ndiye anayejua kipimo cha kiuno chake; ndiye aliyegundua kwamba amekonda mwaka aliofiwa na baba, akampunguzia nguo zake zote bila kuombwa. Alisema hataki fidia. Anataka Léonie amwambie mbele ya mtu wa serikali kwa nini pesa yake ilikuwa nzuri miaka yote hiyo na harusi yake ni mbaya.

Léonie akajibu. Alisema hawezi kuyabeba majina hayo mawili mbele za Mungu kama ndoa, kwa sababu Mungu hakuiweka ndoa hiyo, na yeye akifanya hivyo atakuwa amemdanganya Mungu huku ameshika mkasi wa mama yake.

Na mimi nikafasiri kwamba nilikuwa na kazi nyingi msimu ule, na ninasikitika kwa usumbufu.

Sijui nilitegemea nini. Apondi ni Mkenya. Kila neno alilosema Léonie alilisikia kabla yangu. Aliniangalia, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Fidèle, hapana. Sema vile amesema. Hata wewe umeze hiyo." Léonie akashtuka kusikia jina langu likitajwa hivyo, maana mimi nilikuwa nimetambulishwa kama mdogo wake tu. Afisa akauliza kuna nini. Basi nikarudia, kwa Kiingereza, safari hii yote, neno kwa neno. Nikasema mimi siwezi kuyabeba majina hayo mawili mbele za Mungu. Mimi. Kwa mdomo wangu. Na jikoni nikasikia kiti kinasogezwa.

Yaliyofuata yalikuwa ya sheria. Afisa alieleza kwamba mchungaji anaruhusiwa kukataa kufungisha ndoa asiyoiamini, lakini duka lililofunguliwa kwa watu wote halina ruhusa ya kumkataa mteja kwa sababu ya yule anayempenda. Léonie akauliza kama maombi yake hayahesabiwi kwa kuwa anaombea mezani na si madhabahuni. Yule mama akasema kwamba anamwelewa, lakini sheria inaangalia mlango unaofunguka barabarani. Nilifasiri vizuri kabisa. Nadhani sikuwahi kufasiri vizuri kama saa ile.

Walikubaliana kwamba Léonie ataandika barua ya kuomba radhi na kubandika tangazo kwamba anamhudumia kila mtu. Aliandika, na barua ilikuwa ya kweli, alimwomba Apondi radhi kwa vikombe vilivyobaki mezani. Tangazo alibandika. Lakini amri ya kufungiwa ilipoondolewa hakushona tena sare ya harusi ya mtu yeyote, awe nani aolewe na nani. Aliwarudishia wateja vitambaa vyao vyote, akabaki na kupunguza suruali na sare za shule. Mwezi uliopita alishindwa kodi akakifunga chumba chenyewe. Sasa anashonea nyumbani.

Haya ungeweza kuyasikia kwa mtu yeyote wa huku. Sasa nakuandikia lile ambalo tunalijua wachache. Mama alikuwa akisema mficha uchi hazai, na mimi nimeficha hadi nimechoka.

Kikao kilipokwisha tu, kabla sijafunga mashine, Léonie alinipigia. Hakuuliza kwa nini nilifasiri uongo. Aliuliza, "Ule mwanamuke anakujuaka wapi?" Nikamwambia Apondi anafanya kazi wodi moja na Muema. Akauliza Muema ni nani kwangu hadi rafiki zake waniambie nimeze. Ningeweza kudanganya, yaya. Uongo nilikuwa nao tayari, wa miaka yote, umekunjwa vizuri. Lakini nilikuwa nimetoka kusema "mimi" mara nyingi sana kwa niaba yake, nikaona niseme moja ya kwangu. Nikamwambia Muema si mpangaji mwenzangu. Nikamwambia nampenda, naye ananipenda, na tangu tuhamie nyumba hii hatujawahi kuwa na vyumba viwili.

Nawe nakuambia hivyohivyo, kwa maneno hayohayo. Sijui sasa umekaa au umesimama. Kama unalia, nami nililia kabla yako.

Léonie hakunitukana. Ningependa ujue hilo, usije ukamhukumu. Aliniambia kitu ambacho sikukijua: kwamba kila alipoweka viganja juu ya kitambaa cha watu, baada ya kutaja majina yao, alimalizia kwa kumwombea mke wangu, huyo asiyemjua jina. Miaka yote hiyo, harusi zote hizo. Akasema, "Sasa nitaomba nini, Fidèle?" Akakata simu, na hadi leo hajanipigia. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka ziwani hadi kambini, na aliyenilisha mama alipokufa. Nammiss, na sina pa kwenda kulisemea hilo.

Muema alinipakulia chakula siku hiyo, akakaa mbele yangu. Alikuwa amenisikia kupitia ukuta nikisema majina hayo hayabebeki. Alinisogezea chumvi, nami nikarudisha chakula sufuriani.

Sasa habari ya jora. Unakumbuka jora alilonunua mama soko la Kasulu, la buluu lenye vibuyu vya njano, akasema ni la harusi ya Fidèle. Alipoanza kuumwa alilikata katikati, nusu akakupa wewe, nusu akampa Léonie, ili mmoja wenu asije akamwoza mtoto bila mwenzake kujua. Tulimcheka. Léonie alikuja na nusu yake Australia ndani ya sanduku, akaacha viatu vyake ili vibuyu vipate nafasi.

Mwezi wa tisa, bado tumefungiwa, mimi nilikuwa na kibali cha kwenda kazini. Ghala letu liko hapohapo Seven Hills, upande wa viwanda, karibu na anapokaa dada yangu kiasi cha kunusa mboga zake, na sikuruhusiwa kubisha hodi. Sijui kama ningebisha. Asubuhi moja mwenzangu Masumbuko, tunayesali naye kanisa moja, alikuja kazini na barakoa mpya. Ilikuwa ya buluu. Kwenye shavu kulikuwa na kibuyu cha njano.

Nilimuuliza ameipata wapi. "Ni dada yako anatupatia, bure kabisa, kanisa muzima," akasema, akiwa na furaha. Akaniuliza iweje mimi ndugu yake sina. Akatoa nyingine mfukoni, ndani ya nailoni safi, akanipa. Nikamshukuru. Niliivaa hadi mwisho wa zamu, kwa kuwa bila barakoa huruhusiwi kuingia, na siku nzima nilivuta pumzi kupitia kitambaa cha mama.

Nimejaribu kumkasirikia Léonie kwa hilo. Nashindwa. Usiku mmoja nawaza kwamba alikikata kwa hasira, ili siku yangu isije. Usiku mwingine nawaza kwamba alikuwa na kitambaa asichoweza tena kukiombea, na watu walikuwa wanakufa, akaona angalau kifunike midomo ya wazima. Huenda yote mawili ni kweli. Ninachojua ni kwamba aliishona kwa mkono wake ule mzuri, na pindo lake halina kosa.

Apondi na Bridget walifunga ndoa mwezi wa kumi na moja, bustanini, watu wachache, nguo za kununua. Kitenge cha zambarau walikitandika mezani bila kukikata. Apondi aliniuliza Léonie anaendeleaje, nikamwambia ameshafunga duka. Alitazama chini, akasema hilo hakulitaka. Namwamini.

Mwakani, Mungu akipenda, mimi na Muema tutafanya kama wao. Sikualiki, kwa sababu najua faili lako la kuhamishiwa huku bado limelala na huwezi kuja, na hata kama ungeweza, sijui kama ungetaka. Sikuombi ukubali. Sikuombi hata ujibu upesi. Umesali kanisa lilelile alilosali Léonie, na mama aliwalea pamoja.

Ninaloomba ni dogo. Nusu ya jora iliyobaki duniani iko kwako, ndani ya ndoo ya buluu yenye kifuniko, kama hujaihamisha. Watoto wako wanakua, shida za kambini nazijua, na najua umevumilia miaka mingi bila kuigusa. Nakuomba usiitie mkasi kwa hasira. Kaa nayo kwanza. Ikiwa baadaye utaona ni heri iwe gauni la binti yako au pazia la mlango, fanya hivyo, wala usiniambie. Lakini ikitokea siku moja, hata kama ni miaka mingi ijayo, ukailaza juu ya mkeka na kuweka viganja vyako juu yake, hutahangaika kutafuta cha kutaja. Majina ni Fidèle na Muema.

Wasalimie watoto wote, mkubwa mwambie vitabu vyake vimo kwenye mzigo wa Jerusha pamoja na dawa ya mguu wako. Msalimie mama wa jirani, ila barua usimpe. Ukienda makaburini, mwondolee mama majani, umwambie wanawe wa huku wote wawili bado wako hai.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho,

Fidèle